Nyegere Aliyeogopa Kukwanguliwa Fizi

Palikuwa na Nyegere ambaye hakuogopa nyuki wala nyoka. Fizi zake zilipoanza kutoa damu na usaha, mkewe alimsihi aende kwa Kigong'ota, bingwa wa meno wa msitu mzima.

Kigong'ota alimchungulia kinywani kwa makini. "Meno yako ni mazima, mzee. Kinachooza ni fizi zinazoyashika. Nikikwangua uchafu ulioganda chini yake, nawe ukirudi kila mwezi, tutayaokoa."

"Itauma?"

"Itauma."

Nyegere alifumba kinywa, akasema atarudi kesho, asirudi. Nyumbani alimwambia mkewe, "Bingwa ameniangalia, sina ugonjwa." Mkewe akashusha pumzi, hakumsumbua tena.

Baada ya muda maumivu yalitulia yenyewe, na Nyegere akajiona mjanja. Kumbe kutulia si kupona. Meno yalilegea, yakawa yanadondoka moja moja, naye akiyafukia kwa siri.

Siku moja chatu aliingia shimoni mwao, akajiviringisha mwilini mwa mke wa Nyegere. Nyegere alimrukia bila woga, kama kawaida yake, akamng'ata shingo kwa nguvu zote. Fizi tupu ziliteleza juu ya magamba. Chatu hata hakugeuka.

Matanga yalipokwisha, Nyegere alimwendea Kigong'ota. "Nikwangue sasa," alisema. "Iume itakavyouma."

"Hapana tena pa kukwangua, mzee wangu," Kigong'ota akamjibu kwa upole.

Nyegere hakuondoka. Alikaa palepale, kinywa wazi, akingoja kuumizwa.