Kitaa cha Malkia

Siku hizi kila mtoto wa mbwa huvishwa ukosi wenye kitaa cha buluu. Kikiwaka, kinga aliyonyonya kwa mama yake bado imo mwilini, na chanjo ya parvo, ugonjwa unaoua watoto wa mbwa, haitafanya kazi. Kikizimika, mwenye mbwa humwita mchanjaji siku hiyohiyo.

Kitaa cha mtoto wa mbwa wake, Jivu, kilipozimika, Aikande alimwita fundi redio.

"Mama Eliudi, kukiwasha naweza," fundi alisema, "ila hakitapima kitu."

"Wewe kiwashe tu, baba."

Eliudi, mwanawe wa pekee, alikuwa ameshazikwa. Malkia, mbwa aliyelelewa na Eliudi, naye akamfuata, akaacha kitoto hiki kimoja. Mfa maji hukamata maji. Aikande alikamata kile kitaa, akikitazama jikoni huku akipika ndizi zisizo na mlaji.

Wiki iliyofuata Jivu alikataa maziwa, akaanza kutapika na kuharisha damu. Mchanjaji alikuja mbio, akauangalia ukosi, akashangaa.

"Lakini Mama, mbona kinga ya mama yake bado ipo?"

Aikande alimpakata Jivu ndani ya khanga mpaka akakata roho, mwili ukapoa. Kitaa kilikuwa bado kinawaka shingoni.