Sanda Uani

Panya walipoanza kutafuna sanduku, Rehani alijaza vitunguu saumu na pilipili ya unga ndani ya sanda aliyojiwekea humo mkwewe, Bi Mwanakombo.

"Mwanangu, nilisema uweke nje ya sanduku. Nizikwe nanuka mchuzi?"

"Lakini panya wamehama, mama."

"Wamehama, ndiyo. Na mimi nitakwendaje kwa Mola hivi?"

Bibi akasonya, akaikung'uta sanda na kuianika uani ipigwe na upepo. Pilipili ikamwingia machoni, machozi yakamtiririka.

Jirani alichungulia, akaiona sanda, akamwona mwenyewe analia. Akaja akamkumbatia.

"Lia, dada, usijizuie. Nani katutoka?"

Bi Mwanakombo akafungua mdomo amjibu, ikamtoka chafya. Mlangoni, wanawake wengine walikuwa wakivua viatu.