Beki Aliyeinua Mkono

Beki alisimama. Mpira ulikuwa bado unachezwa, refa hajapuliza kitu, na yeye akasimama katikati ya boksi akainua mkono kama mtu anayesimamisha basi. Mshambuliaji akampita, akafunga. Fainali ikaishia hapo, kombe likaenda kwa wenzao.

Tangu siku hiyo, kwenye kibanda cha fundi pancha hapakuwa na mazungumzo mengine. Watu walileta matairi, wakayasahau, wakabaki kumjadili beki.

"Yule kala hela," alisema fundi, ameinama juu ya beseni akitafuta mapovu. "Mtu kacheza ligi mpaka kaota kipara, leo asahau kwamba mpira hauachwi mpaka refa apulize?"

"Mwenyewe anasema alisikia filimbi," alisema dereva mmoja wa lori, mnene, waliyemwita Tanki.

"Leo kasikia filimbi, kesho atasikia malaika."

"Mimi nasema alidhani jamaa kaotea."

"Kudhani ni kazi ya mshika kibendera. Yeye kazi yake kukaba."

Kiongozi alikuwa amekaa juu ya kreti. Jina hilo alipewa na Tanki. Kazi yake ilikuwa kuongoza malori yanaporudi nyuma kwenye ghala la saruji, na Tanki alizoea kusema kwamba huyu ndiye kiongozi pekee duniani ambaye hajawahi kumpeleka mtu mbele. Zamani Kiongozi mwenyewe alikuwa wa kwanza kucheka.

"Sauti imekuisha kabisa, ndugu yangu," Tanki alimwambia. "Kutwa nzima lete, lete, kata kulia. Juzi nusura nibomoe ukuta, sikukusikia."

"Nitakunywa maji ya moto," alisema Kiongozi.

Hawakumtania zaidi. Goli lile lilipoingia, jukwaa la nyuma ya goli lilishuka lote kwa hasira, watu wakikimbilia uzio wamfikie beki. Chini ya miguu yao, kwenye ngazi, alibaki mke wa Kiongozi. Baada ya mazishi Kiongozi alikuja kibandani akasema neno moja tu: "Beki yule ndiye aliyemuua mke wangu." Hakuna aliyebisha. Hata Tanki, ambaye moyoni alimwonea beki huruma, tangu hapo alimtetea nusu nusu.

Alasiri hiyo alifika mwanamke mmoja, viatu vimejaa vumbi. Akasalimu kila mtu, kisha akasema yeye ni dada yake beki.

Fundi akaacha kupampu.

"Najua hamtaki kuniona," alisema. "Chama cha mpira kinakaa kesho. Asipopata shahidi hata mmoja, hatacheza tena maisha yake yote, na hana kazi nyingine anayoijua. Namtafuta mtu aliyekaa nyuma ya goli lile. Kila ninakobisha hodi nafukuzwa."

"Yeye mwenyewe yuko wapi?" aliuliza Tanki.

"Ndani. Pazia halifunguliwi. Watoto wakitoka shule wanarusha mawe juu ya bati, yeye anahesabu yanavyodondoka."

Tanki akaguna. "Hapa aliyekaa kule ni huyu peke yake," akasema, akamwonyesha Kiongozi kwa kidole, na papo hapo akatamani kukirudisha kidole mfukoni.

Fundi akamnong'oneza yule dada. Dada akajishika mdomo.

"Pole sana, kaka. Ningejua ni wewe nisingekuja hivi."

"Umeshakuja."

"Dada, huyu ni mfiwa," alisema fundi. "Usimuulize mambo hayo."

"Mwache aulize," alisema Kiongozi.

Yule dada akachuchumaa mbele ya kreti ili asiongee akiwa amemsimamia. "Mdogo wangu anaapa ilikuwa filimbi. Moja, ndefu, ikitokea jukwaani kwenu. Sikuombi umsamehe, kaka. Nakuomba uniambie tu kama uliisikia."

Mpira wa ndani wa tairi ulitoa povu lake pole pole kwenye beseni, fundi asiushughulikie.

"Hapakuwa na filimbi," alisema Kiongozi.

"Hata kwa mbali?"

"Nilikuwa pale pale. Ndugu yako alisimama tu mwenyewe."

Dada akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyekabidhiwa mzigo aliokuwa akiujua uzito wake. Akainuka, akajipangusa magoti. "Ahsante, kaka. Wewe ndiye uliyekuwa na haki ya kunifukuza, na wewe ndiye hukunifukuza."

Alipotoka, Tanki alimwekea Kiongozi mkono begani. "Umejikaza kiume."

"Kashasema aliyekuwepo," alisema fundi, akarudi kwenye beseni lake. "Kesi imekwisha."

Kiongozi alimtazama yule mwanamke akienda zake, mpaka akapinda kona.

Siku ile ya fainali, mke wake alikuwa ameenda kununua maji. Alirudi na chupa mbili, akasimama katikati ya ngazi, hajui safu yao ni ipi. Kiongozi alimwita kwa jina, kelele zikalimeza. Basi akatoa mfukoni filimbi yake ya ghalani, akaipuliza mara moja, ndefu, kama alivyokuwa akisimamisha malori siku zile.

Waligeuka watu wawili. Mkewe alimwona, akacheka, akainua chupa. Kule uwanjani, beki akainua mkono.

Pumzi ile moja ilichukua goli, ikachukua kombe, ikachukua mke. Kesho yake, chama kilipokaa, ikamchukua na beki.