Pole na Kazi

Tangu mashine zianze kutengeneza kila kitu, binadamu alibakiwa na kazi moja tu: kutumia. Siwema alipangiwa kuchakaza jozi sita za viatu kila mwezi. Jioni mumewe, Mashauri, humkuta bado anaizunguka meza ya sebuleni, naye humwambia, "Pole na kazi, mama Tunu."

"Nishapoa."

Lakini mikono ilimwasha. Akatafuta ukindu, akasuka mkeka mdogo kama alivyofundishwa na bibi yake. Pembeni aliruka chane moja ya ukindu. Akajicheka, akauacha hivyo hivyo.

Mkaguzi wa viatu alipokuja, macho yake yalitua kwenye mkeka. "Huu wa kiwanda gani?"

"Nimeusuka mwenyewe, mwanangu. Nisamehe."

"Mzuri mno, mama," akasema, na kweli ulimpendeza. Akaupiga picha.

Kesho yake lori likashusha mikeka mia mbili mlangoni. Siwema akakunjua mmoja, akakunjua wa pili, wa tatu. Yote ilikuwa imerukwa chane moja, palepale pembeni.

Mashauri akamtandikia. "Haya, anza kuichakaza. Pole na kazi, mke wangu."

Siwema akaketi, mikono yake ameikalia.