Ukurasa wa Mkuyu

"Mwondoe huyo kipepeo," mkuu wa waokoaji alisema.

Mke wa mzee aliyekuwa akitafutwa alisogeza kipanya, akabonyeza. Kipepeo wa manjano akatoweka kwenye kompyuta.

"Na haya majani pembeni?"

"Ni fremu. Niliyapiga picha hapo nje ya dirisha, nikayakata, nikayapanga kuzunguka ukurasa."

"Yaondoe."

Yakaondoka tabaka kwa tabaka: ya mbele yenye vivuli vyake, ya nyuma aliyoyafifisha, na ule mmea wa kutambaa aliousokota mpaka ukawa herufi za kichwa cha ukurasa. Kazi ya wiki tatu. Wifi yake, dada wa mzee, alikuwa amesimama nyuma ya kiti, mikono kiunoni.

"Kaka yangu amelala juu ya mawe na mguu umevunjika," alisema, "sisi huku tunapalilia bustani ya kompyuta."

"Wifi, niache."

"Nani kakushika?"

Mkuu alikohoa. Watu wake wanane walikuwa wakimsubiri kwenye gari, na wingu juu ya vilima lilikuwa limeshaanza kuwa jeusi. Hakuwa na muda wa ugomvi wa mawifi.

Mzee alikuwa amepiga simu jana jioni. "Niko kwenye mkuyu wangu. Nimeteleza, mguu umekwisha. Njooni." Kisha simu ikazimika. Mkuyu wangu: kila mtu nyumbani alilijua jina hilo, na hakuna hata mmoja aliyewahi kufika. Kila Jumamosi mzee alipanda huko peke yake na kamera yake, akarudi na picha za maua na magome ya miti, akamwachia mkewe azipange kwenye albamu. Ya mkuyu ilikuwa moja tu. Aliegesha kamera kwenye jiwe, ikampiga yenyewe. Kamera alikuwa nayo huko huko. Nakala iliyokuwa nyumbani mke aliifuta alipomaliza kuipanga, maana kompyuta ilijaa pomoni. Ukabaki ukurasa wa albamu.

"Huu ukungu?"

"Wa kuongeza."

"Ndege?"

"Wa kuongeza."

"Mama, na mto je? Usije ukaniambia nao umetoka dirishani."

"Mto ni wa kweli, baba."

Sasa ilibaki picha tupu. Mto, maporomoko nyuma yake, mkuyu ukingoni, na mzee chini ya mkuyu, kofia kichwani.

Mkuu aliinama mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. Kwenye mto ule kulikuwa na maporomoko mamoja tu, ingawa yeye mwenyewe alikuwa hajayafikia. Alichukua ramani, akaitandaza mezani.

"Hapa tunatazama mto unakotoka," alisema. "Mkuyu uko kushoto. Barabara inatuacha ukingo wa kulia. Itabidi tuvuke."

"Kwa nini msitafute pande zote mbili?" wifi aliuliza.

"Dada, kule ni mwitu mtupu huku na huku, mikuyu kwa mamia. Mvua ikishuka tutawahi upande mmoja tu. Na mzee wa umri ule, usiku wa pili kwenye baridi hauwezi." Alimgeukia mke. "Angalia vizuri. Hakuna kingine ulichoongeza?"

Mke aliangalia kila kona. Aliangalia mawe, maji, hata nyasi.

"Hakuna," alisema. "Hapo hakuna nilichoongeza."

Mkuu aliwaachia redio moja ya upepo, akatoka mbio.

Wakabaki wawili na ile redio mezani. Hakukuwa na la kufanya. Mke alifuta meza, akaifuta tena. Wifi alifagia sakafu isiyo na taka. Saa tisa matone ya kwanza yakagonga dirisha.

Redio ikakoroma. "Tuko mahali pa kuvukia. Maji yanapanda. Tukishavuka, hakuna kurudi mpaka kesho. Tunavuka."

Wifi alikaa chini. Mke alihesabu vigae vya sakafu.

Baada ya robo saa ikakoroma tena. "Tumevuka wote salama. Nyuma yetu njia imefungwa, maji yamefika kifuani. Tunaanza kupekua."

"Wamevuka!" wifi alisema, akapiga makofi. "Watampata. Watampata tu, wifi yangu. Na mimi unisamehe, mdomo wangu huu hauna breki."

"Yamekwisha."

Mikono ya mke ilihitaji kazi. Alivuta kiti kwenye kompyuta, akaanza kuyarudisha majani mahali pake, moja moja. Wifi alisogea kutazama. Safari hii alizitazama kurasa zote mbili. Ule wa kushoto ulikuwa na picha ya mke, ameketi kibarazani kati ya vyungu vya maua. Wa kulia ulikuwa wa mzee na mkuyu wake.

"Mmependeza," wifi alisema. "Tena ajabu. Kaka yangu huyu, hata siku ya harusi alikuwa anatazama miti. Leo kakukodolea macho wewe!"

Mke alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu jana.

"Wapi! Alikuwa amenipa mgongo, anatazama nje ya ukurasa kama mtu aliyenuna. Nikamgeuza. Ni kubonyeza mara moja tu, picha nzima inageuka kama kwenye kioo, kulia kunakuwa kushoto."

Wifi akacheka. Alicheka peke yake.