Majibu ya Semeni

Semeni alikuwa na kisukari, na kila mwezi zahanati ya mtaa ilimpima hatari ya kupata ugonjwa wa moyo. Majibu hakuyaona yeye. Kwa sheria yalikwenda kwenye simu ya mumewe, Mbaraka, na mume aliyethubutu kumwambia mgonjwa alifungwa, kwa kuwa hofu nayo ilihesabiwa kuwa inaua.

Siku zote Mbaraka alisoma, akaguna, akaendelea na chai yake. Mwezi huu alisoma, akaitia simu mfukoni, akainuka kuosha vyombo.

Tangu hapo alibadilika. Alimtekea maji. Aliacha kubishana naye juu ya shamba. Alisema eti yeye amekinai chumvi.

"Baba Salha, kipimo kilisemaje?"

"Kizuri tu."

"Mbona unanitazama hivyo?"

"Nikutazameje, mke wangu?"

Hakuwa amemwita hivyo tangu Salha azaliwe.

Ijumaa Salha mwenyewe alipiga simu kutoka Mwanza. "Mama, baba kaniambia nije na watoto wiki hii hii. Kuna nini huko?"

Semeni aligeuka. Mbaraka alikuwa mlangoni akimmenyea chungwa, uso kauinamisha. Kisu kilikuwa kimesimama.

"Hakuna kitu, mwanangu," alisema Semeni. "Baba yako kawakumbuka tu. Njooni."

Alikata simu, akaenda kukaa karibu na mumewe. Akapokea kipande cha chungwa, akakitafuna polepole, huku akikisikiliza kifua chake mwenyewe.