Unywele wa Mguu wa Tano

Raya aliweka kipande cha kioo chini ya hadubini ya makumbusho. Ndani yake alilala kopepodi, kidudu cha baharini kidogo kuliko punje ya chumvi. Kitabu cha zamani, kilichoandikwa kutokana na kioo hikihiki, kilimhesabu kuwa spishi ya peke yake kwa sababu moja tu: unywele mnene, mweusi, kwenye mguu wa tano.

"Umeuona?" aliuliza Mshindo, mwenzake wa kazini.

Raya alisogeza lenzi karibu zaidi. Unywele ule haukuota mguuni. Ulikuwa umelala tu juu yake, umekatika upande mmoja.

"Huu ni ukope," alisema. "Ukope wa mtu."

Mshindo alicheka, kisha akamwona uso, akaacha kucheka. Kioo kile kilitengenezwa miaka mingi nyuma na Nabhani, mumewe Raya. Vidudu kama hivi husogezwa kwa ukope uliobandikwa kwenye kijiti, na Nabhani alilalamika siku zote kuwa kope zake ni fupi mno. "Nipe wako mmoja, mke wangu," alimwambia asubuhi ya safari yake ya kukusanya vidudu baharini, na Raya akafumba macho. Vioo vilirudi kwa posta. Yeye hakurudi.

"Basi spishi hii haikuwahi kuwepo," alisema Mshindo kwa upole. "Inabidi tukifungue kioo, tuutoe ukope, tuuchore mguu upya."

"Najua."

Raya alidondosha maji ya kulainisha gundi. Kioo cha juu kikalegea, ukope ukasogea. Akafumba macho, uso ameuinua kidogo, kama anayengoja vidole vya mtu.